Saa Tatu Juu ya Maji ya Kiambere

Wanjira alikataa mara mbili kwenda kwenye matembezi yale, na mara ya tatu akakubali kwa kuchoka kubembelezwa. Mitihani ilikuwa imekwisha Jumatano, chuo kimefungwa kwa likizo ya Aprili, na darasa lote la uuguzi la mwaka wa tatu lilikuwa na habari moja mdomoni: kwenda bwawa la Kiambere, kupanda ile boti ya kutembeza wageni, kukaa majini saa tatu bila kazi yoyote, kula samaki, kusinzia, na kusahau wodi na harufu ya dawa. Mwandalizi alikuwa Winrose, rafiki yake aliyelala kitanda cha juu katika chumba chao cha hosteli. Winrose alikuwa mtu wa Timau, amekulia kwenye baridi na mashamba ya ngano, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya kunyweshea ng'ombe. Alimwambia Wanjira kwamba kujifungia chumbani kila likizo kumetosha. Hata matanga huwa na siku ya kuanuliwa.

Wote wawili walijua matanga yenyewe yalikuwa ya nani.

Yalikuwa ya Mithika, kijana wa Maua aliyekuwa akisomea kazi ya maabara katika chuo hichohicho mjini Embu. Walipendana mwaka mmoja na zaidi, mapenzi ya kusoma pamoja maktaba ikifungwa na kugawana hindi la kuchoma njiani. Kisha Jumatatu moja ya Novemba, mwaka juzi, Mithika hakuonekana. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kitanda chake kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa vizuri. Wanjira alipokwenda ofisini kuuliza, aliambiwa kijana ameandika mwenyewe barua ya kuacha masomo, kwa mwandiko wake, na sababu hakuieleza. Hawakuwa wamegombana. Siku moja kabla, Jumapili, walikuwa wamekaa juu ya jiwe kando ya mto Rupingazi, Mithika akimfundisha kuhesabu kwa Kimeru na kumcheka kila alipokwama. Hicho kicheko ndicho kilichomsumbua. Mtu anachekaje vile jioni, kisha asubuhi anatoweka?

Ijumaa waliteremka mapema, wakapita Kiritiri jua likianza kuuma. Huku chini Mbeere kulikuwa dunia nyingine kabisa, si kama kwao Manyatta: mbuzi barabarani, mashamba ya ndengu, mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye migunga. Mvua za Aprili zilikuwa zimejaza bwawa mpaka karibu na nyasi, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Boti ilikuwa nyeupe, ina paa la turubai na viti vya kulalia kidogo, na ubavuni imeandikwa *Tulia*. Wasichana walianza kupigana picha hata kabla ya kushuka kwenye gari.

Mtu mmoja alikuwa amesimama gatini akikunja kamba, amewapa mgongo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili umepumzika juu ya kifundo cha mguu wa kwanza. Wanjira aliona ule mguu na moyo wake ukamtangulia. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesimama hivyo, kwenye foleni ya chakula, kwenye foleni ya maabara, popote alipongoja kitu.

Mtu yule akageuka.

Alikuwa amekuwa mweusi zaidi kwa jua, na mabega yamepanuka. Hakushtuka. Aliwasalimu wageni, akajitambulisha kwamba yeye ndiye nahodha wao leo, akaanza kuwavisha majaketi ya kuelea mmoja baada ya mwingine, akikaza mikanda na kuuliza kama yupo asiyejua kuogelea. Karibu wote walinyoosha mikono wakicheka. Alipomfikia Wanjira, mikono yake ilisita juu ya mkanda wa kifuani, kisha akauachia.

"Huu utaufunga mwenyewe," alisema polepole. "Wa chini usiusahau."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia baada ya mwaka mmoja na miezi mitano.

Winrose alikuwa ameshamtambua, na alimnong'onezea Wanjira kwamba akitaka washuke sasa hivi, watashuka, na akitaka yule mtu asemwe mbele ya darasa zima, atasemwa. Wanjira akatikisa kichwa. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuingia botini, na kamba ikafunguliwa. Alikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, mbali na usukani.

Ilikuwa safari ambayo mtu yeyote angeifurahia. Boti ilikwenda taratibu kando ya ukingo, upepo ukipita chini ya turubai, mtu akafungulia muziki wa chini. Viboko walionekana mahali maji yalipoingia kwenye matete, masikio tu na pua, na Mithika akapunguza mwendo ili watu wapige picha, akaeleza kwa ile sauti yake isiyo na haraka kwamba hatasogea zaidi ya hapo kwa sababu yule mmoja ana mtoto. Wasichana wawili wa mbele walianza kumuuliza maswali ambayo hayakuhusu viboko. Aliwajibu kwa adabu na kwa ufupi.

Wanjira hakuona viboko. Aliona shingo. Aliona kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, alilowahi kuligusa kwa kidole akauliza limetoka wapi, akaambiwa ni panga la kaka yake walipokuwa watoto shambani. Juu ya usukani kulikuwa na kioo kidogo cha kuwaangalia abiria, na kila alipoinua uso alikuta macho ya Mithika mle ndani, yakimngoja. Akiinamisha uso, anahesabu mpaka ishirini kwa Kimeru, anakwama palepale alipokuwa akikwama siku zote, anainua tena. Yako palepale. Alichukia jinsi mwili wake ulivyomfurahia mtu huyu bila kumuuliza yeye ruhusa. Alikuwa amejiandalia maneno, mwaka mzima na zaidi, maneno makali ya kumtupia siku wakikutana. Sasa alipoyatafuta alipata moja tu, nalo lilikuwa jina lake.

Saa sita boti iliingia kwenye ghuba ndogo ya mawe ambako akina mama wawili walikuwa wanakaanga samaki kwenye sufuria pana. Watu wote wakashuka mbio. Winrose alimtazama Wanjira, akaelewa, akawaongoza wenzake mbali kidogo, chini ya kivuli cha mgunga. Wanjira akabaki kitini. Mithika alifunga boti kwenye jiwe, akaifunga tena ingawa ilikuwa imefungwa, kisha akarudi ndani akasimama kando ya usukani.

"Umekonda," alisema.

"Usianze hivyo."

"Nianzeje?"

"Nilidhani umekufa," Wanjira alisema. "Wiki mbili nilizunguka hospitali nikiuliza kama kuna mtu ameletwa hana jina. Halafu nikapanda gari nikaenda mpaka Maua."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama aliniambia. Aliniambia ulivaa sweta ya kijani na chai hukuimaliza."

Wanjira alimkumbuka yule mama, alivyomkaribisha ndani bila maswali, alivyosema tu kwamba mwanawe yu mzima na anafanya kazi mbali, kisha akageukia ukutani akajifuta macho na khanga. Alikuwa ameteremka kutoka Maua siku ile akiamini ameachwa kwa ajili ya msichana mwingine, na kwamba mama wa watu anamwonea haya.

"Ulijua nilifika mpaka kwenu," alisema, "na bado hukupiga simu."

"Na bado sikupiga."

"Ni nani, Mithika? Kama kuna mtu, niambie jina tu nishuke nikale samaki."

"Hakuna mtu."

"Basi nani alikukataza?"

Mithika alitazama ukingoni, kule sauti za vicheko zilikotoka.

"Swali hilo muulize Mzee Hezekiah," alisema mwishowe.

Wanjira alihisi boti ikisogea chini yake, ingawa maji yalikuwa yametulia. Mzee Hezekiah Njura alikuwa baba yake.

Mithika alimweleza, kwa kuwa sasa hakukuwa na njia ya kurudi nyuma. Baba yake Wanjira alikuja chuoni Ijumaa ya kabla ya ile Jumatatu, amevaa koti lake la kanisani, akamwita nje ya maabara, wakakaa kwenye benchi. Hakumtukana. Alimwambia amesikia kwamba Wanjira anapendana na kijana wa Maua, na kwamba nyumba ya kwao kijana huyo, ng'ombe wao na karo yake vyote vimetoka kwenye miraa, yale majani ya kutafuna yanayolevya. Akamweleza habari za mdogo wake, Muturi, aliyeanza kutafuna kama mchezo mpaka akauza kitanda cha mke wake, na jinsi yeye Hezekiah, tangu walipomzika, amekuwa akisimama mbele ya kanisa kila mwaka kuwaonya vijana juu ya kitu hichohicho. Hangeweza kumtoa binti yake aingie nyumba inayoishi kwa hicho. Ila aliona kijana mwenyewe hana kosa. Basi akampa masharti. Atafute kazi ambayo mikono yake haitashika miraa. Aipate, Wanjira amalize masomo, ndipo aje mlangoni kwake kama mtu mzima. Kuanzia Jumatatu mpaka siku hiyo asimtafute na asimwandikie.

"Nikampa neno langu," Mithika alisema. "Na karo yangu ilikuwa miraa, Wanjira. Ningekaa chuoni nikiila huku nimempa neno? Nilikuja huku kwa binamu yangu. Nilianza kwa kuosha boti."

Wanjira alikumbuka wodi aliyokuwa akifanyia mazoezi Ijumaa ile. Alikuwa akimpima presha mama mmoja mgonjwa, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye benchi hiyo.

"Kwa hiyo mlikaa nyinyi wawili mkanipangia maisha," alisema. "Mkaelewana. Mkapeana mikono."

"Ndiyo."

"Hukufikiri kuniuliza."

"Nilifikiri usiku mzima. Nilijua utasema nini. Ungesema twende, na kitabu ungekiacha."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimkasirisha zaidi. Angeacha. Angemfuata hata kuosha boti. Machozi yakamjia na hakuyaficha.

"Baba yangu ulimpa neno lako," alisema. "Mimi ulinipa nini?"

Mithika alikuja akakaa kiti cha upande wa pili wa njia, mkono wake ukashika chuma cha kiti, shubiri moja tu kutoka kwenye mkono wa Wanjira. Hakuusogeza zaidi. Wanjira aliitazama ile shubiri moja. Hakuwahi kutamani kitu maishani mwake kama alivyotamani mtu mmoja wao aivuke.

"Vyuo vikifunga, wanafunzi huja hapa," Mithika alisema. "Tunaletewa orodha ya majina asubuhi. Kila orodha naisoma yote kabla sijawasha injini. Leo nimekuta jina lako. Bundi, nahodha mwenzangu, aliniomba nimwachie zamu ya leo aende kwao. Nikamkatalia, na sijawahi kumkatalia kitu."

"Basi neno lako umelivunja."

"Sijakutafuta. Wewe umekuja."

Wanjira alicheka katikati ya machozi, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, na Mithika akakitazama kama mtu aliyeletewa maji. Kisha sauti za wenzao zikakaribia, Winrose akikohoa kwa makusudi kutoka mbali, na Mithika akainuka kwenda kufungua kamba.

Wakati wa kurudi watu walikuwa wameshiba na wengi walisinzia. Katikati ya bwawa Mithika alizima injini. Ndiyo desturi ya safari ile, aliwaeleza. Dakika kumi za kuelea tu bila kelele, kila mtu apumzike apendavyo. Muziki ukazimwa. Kukabaki maji yakigonga ubavu wa boti, na ndege mmoja mbali. Mbele yao, juu kabisa ya mawingu, ncha ya mlima ilikuwa imejitokeza, mlima ambao Wanjira aliuona kila siku kutoka kwao upande mmoja, na Mithika akauona maisha yake yote kutoka upande mwingine.

Wanjira aliinuka. Alitembea kati ya viti, akipita miguu ya waliolala, mpaka mbele kabisa, akakaa kiti kilichokuwa nyuma ya usukani. Mithika hakugeuka. Lakini Wanjira aliona mgongo wake ukipanda na kushuka kama wa mtu aliyekimbia. Walikaa hivyo dakika zote zilizobaki, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, sabuni ileile ya mche. Dakika kumi zikapita. Nahodha hakuwasha injini. Zikapita nyingine, mpaka msichana mmoja akaamka akauliza kama boti imeharibika.

Gatini Mithika alimsaidia Wanjira kushuka, wa mwisho. Safari hii alimshika mkono kama alivyowashika wengine wote, akachelewa kuuachia.

"Masomo nimebakisha mpaka Desemba," Wanjira alisema.

"Najua. Nahesabu."

"Mimi sitahesabu. Ahadi hiyo sikuitoa mimi. Naenda nyumbani kuongea na baba."

"Usimvunjie heshima, Wanjira. Hakunitendea vibaya."

"Wewe na baba yangu mngeoana nyinyi," alisema, akaondoka kabla hajaanza kulia tena. Namba ya simu hakuiomba. Hakutaka kuipata kwa kuiba.

Nyumbani Manyatta alifika Jumamosi mchana. Kulikuwa na ukungu, na mama yake alimwambia baba yuko shambani kwenye majani chai. Mama alimtazama uso, akaacha kuuliza habari za mitihani. Alimpa gunia la kujifunika mabega na kikapu, akamwambia ateremke.

Mzee Hezekiah alikuwa katikati ya mistari, mrefu, mikono yake ikichuma kwa kasi ya mtu aliyeanza kazi hiyo utotoni. Alimpokea bintiye kwa furaha. Wanjira akamsalimu kwa heshima, akaingia mstari wa pili, wakachuma sambamba kwa muda. Alimweleza kwamba jana walikuwa Kiambere. Mikono ya mzee ikapunguza kasi. Alimweleza walipanda boti inayoitwa *Tulia*. Mikono ikasimama.

"Amekuambia," mzee alisema.

"Nilimlazimisha. Hakutaka."

"Hilo naamini."

Wanjira alikuwa amejiandaa kwa kukana, au kwa ukali, na akakosa pa kushika. Akamuuliza tu, kwa sauti ya chini, kama alijua kwamba alizunguka mahospitali akimtafuta mtu huyo. Mzee akasema hakujua. Akamuuliza kama alijua kwamba alikwenda Maua peke yake. Hilo pia hakulijua. Alivua kofia yake, akaishika, na mvua nyembamba ikamwangukia kichwani.

"Mwaka jana Agosti niliaga hapa kwamba naenda Kiritiri kununua mbuzi," alisema.

"Ulirudi bila mbuzi."

"Nilirudi bila mbuzi. Nilikuwa nimekwenda kumtazama yule kijana."

Wanjira aliacha majani yaliyokuwa mkononi mwake yaanguke.

Mzee Hezekiah alimsimulia akitazama miche, si yeye. Alilipia kama mgeni yeyote akaingia botini. Maji anayaogopa, hakuwahi kuvuka hata mto usio na daraja. Mithika wakati huo alikuwa hajapewa usukani, alikuwa wa kufunga kamba na kuvisha watu majaketi. Alimwona, akamjua papo hapo. Alimsalimu kwa mikono miwili, akamfunga jaketi mwenyewe, akamkalisha katikati ambako boti haichezi sana, akamletea chai. Walikaa majini saa tatu nzima.

"Nilimngoja aniulize habari yako," mzee alisema. "Nilijiambia, akiuliza, basi neno lake si neno. Akipita mbele yangu naona limemjaa mdomoni, naona kabisa, na hakuuliza. Wakati wa kunishusha aliniambia tu, 'Mzee, shika hapa, kuna utelezi.'"

"Na mimi hukuniambia."

"Nilikuja na hilo neno kutoka Kiambere mpaka hapo kwenye geti. Nikakukuta unafua. Likanishinda."

"Miezi minane, Baba. Kila Jumapili umekuwa ukiniona. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini siimbi tena kwaya."

"Nilikuwa nikiuliza."

"Na ulikuwa ukijua."

"Nilikuwa nikijua," mzee alisema, na sauti yake ikapasuka kidogo. "Nilimzika Muturi nikaapa hakuna mtoto wangu atakayeguswa na kitu hicho. Nikakulinda mpaka nikakuumiza. Nimekukosea, Wanjira. Nimemkosea na yule mtoto wa watu."

Hakuwahi kumsikia baba yake akiomba radhi, si kwa mama, si kwa mtu yeyote. Hasira yake haikuisha. Alijua itakaa naye siku nyingi bado, na kwamba watakuja kurudia mazungumzo haya. Lakini alimwona mzee mrefu amesimama mvuani, kofia mkononi, akaiacha hasira ingoje.

"Namba yake unayo?" aliuliza.

Mzee Hezekiah alitoa simu mfukoni, akaifuta kwa ndani ya koti, akaitafuta namba polepole kwa kidole gumba chenye rangi ya majani. Alikuwa ameihifadhi kwa jina *Boti*. Wanjira alidhani atampa. Hakumpa. Aliipiga mwenyewe, akaiweka sikioni, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya watu.

"Mithika? Ni Hezekiah Njura, wa Manyatta... La, hakuna msiba. Wazima wote... Sikiliza kijana. Pale kwenye benchi nilikupa masharti. La kazi umelitimiza, nililiona kwa macho yangu. La masomo liko palepale, amalize. Lile la kutomtafuta nimeliondoa. Nilipaswa kuliondoa mwaka jana." Akanyamaza, akasikiliza, akaitoa simu sikioni akaitazama kwa wasiwasi. "Hasemi kitu," alimwambia Wanjira. "Sijui kama netiwaki imepotea."

Wanjira aliichukua. Alisikia mngurumo wa injini na upepo. Netiwaki haikuwa imepotea. Kisha mngurumo ukakatika ghafla, akasikia maji.

"Mithika," alisema.

"Niko hapa."

"Una wageni botini?"

"Ishirini na sita."

"Wanafanya nini?"

"Wananitazama."

Wanjira aliketi palepale kati ya mistari, udongo mbichi ukilowesha sketi yake. Ilikuwa bado Aprili, na Desemba ilikuwa mbali, na kati yao palikuwa na milima na mabonde ya nusu siku. Lakini alisikia pumzi yake, karibu, kama jana nyuma ya usukani.

"Nataka unieleze ile Jumatatu," alisema. "Uliamka saa ngapi, ulipita njia gani, ulipita mlangoni kwangu au hukupita. Nataka yote."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Hao wageni wako wasinzie."

Upande wa pili Mithika alivuta pumzi, akaanza. Alisema alipita. Alisema alisimama mlangoni kwake saa kumi na moja alfajiri, amebeba begi, mpaka akasikia mtu ndani akikohoa. Wanjira akaegemeza kichwa kwenye mche wa chai akafumba macho. Mzee Hezekiah aliwatazama, binti na simu, akavaa kofia yake iliyolowa. Alijitwika kikapu, akateremka mpaka mstari wa mwisho kabisa chini, ule uliokwisha kuchumwa wote jana, akainama akaanza kuuchuma tena.